Mteja ni wa nani? Niliyoongea kwenye kikao cha wafanyabiashara, Sakina Arusha

Wengi mlikosa kikao kwa sababu mlikuwa na wageni mlimani au mlifuata mzigo Kariakoo, na mmeniomba niweke hotuba yote hapa. Nimeiandika kama nilivyoiongea. Picha za ukutani nimeziacha, hata ukumbini projekta ilisumbua tu.

Wazee wangu shikamooni. Kaka zangu, dada zangu, habari za saa hizi. Na nyie vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema nimewaona, njooni mbele viti vipo.

Nimeambiwa niongelee ushindani wa masoko ya mtandaoni na haya makampuni ya intaneti, nani anamshinda nani, Amazon, Alibaba, Booking ya kuuza vyumba vya hoteli, TikTok na wenzao. Nitaongea. Lakini sijaja kuwasifia matajiri wa Marekani na China, hela zao hazitulipii pango la fremu. Nimekuja na swali moja tu na nitalirudia mpaka mnichoke. Mteja ni wa nani?

Ebu nyoosheni mikono, nani wiki hii ameuza kitu kupitia simu? WhatsApp, Instagram, Booking, chochote kile. Karibu ukumbi mzima. Shusheni. Sasa nani ana namba za hao wateja, ameziandika mahali, daftari au kwenye simu, kwa majina yanayoeleweka, siyo "Mteja Viatu", "Mteja Viatu 2", "Mdada Njiro"? Mnacheka, lakini mikono mmeiona ilivyopungua. Hao wengine wote mmeuza, hela mmepata, ila mteja mmemuacha hukohuko alikotoka.

Wapiga debe wa stendi mnawajua. Mpiga debe hana gari, hana leseni, hata oili inapowekwa hajui, ila abiria anamsikiliza yeye. Stendi ikiwa na magari mawili anakuitia abiria kwa hela ya chai na anakushukuru. Magari yakiwa ishirini, wewe ndo unamshukuru yeye. Sasa hizi kampuni ninazozitaja leo ni wapiga debe, tofauti yao na wa pale stendi ni kwamba hawa wanajua abiria anakwenda wapi, alisafiri lini mara ya mwisho, ana kiasi gani mfukoni, na siku wakiamua wananunua gari lao wenyewe wanalipaki mbele ya lako. Amazon inafanya hivyo, inauza bidhaa zake kwenye soko lilelile ambalo wewe muuzaji unailipa ili uuze. Tume ya Ulaya iliikalia kooni kwa kutumia taarifa za siri za mauzo ya wauzaji wake kujipangia biashara yake yenyewe, na Desemba 2022 Amazon ikaweka ahadi za maandishi kwamba huko Ulaya haitazitumia tena.

Haya, twende China, kuna kisa huko nakipenda sana.

Mwaka 2003 eBay ya Marekani ilikuwa ndo baba lao duniani kwenye mambo ya kuuziana mtandaoni. Ilianza 1995, kijana anaitwa Pierre Omidyar aliweka kitochi cha leza kibovu mnadani na mtu akakinunua kwa dola 14.83, ndo wakajua kumbe watu wananunua chochote. Kwa China wakainunua kampuni ya wenyeji inaitwa EachNet, kipande mwaka 2002 na iliyobaki 2003, jumla yake kama dola milioni 180. Soko likawa lao karibu lote. Halafu pale Hangzhou kuna jamaa alikuwa mwalimu wa Kiingereza, Jack Ma, mwaka huohuo 2003 akafungua Taobao. Akasema eBay ni papa wa baharini na yeye ni mamba wa mto Yangtze, wakipigana baharini atashindwa, wakipigana mtoni atashinda.

Alishinda kwa nini? Sikilizeni vizuri maana hapa ndo kuna somo letu. Cha kwanza Taobao ilikuwa bure kwa muuzaji, wakati eBay inamtoza. Cha pili aliweka sehemu ya kuongea, muuzaji na mnunuzi wanachati, wanaulizana, wanapunguziana bei. eBay hawakutaka hiyo, waliogopa hao wawili wakishaongea watamalizana pembeni na kamisheni ipotee. Mchina anunue kitu bila kubishana bei? Na sisi je? Nani hapa anaweza kununua hata kitenge bila kuuliza "mwisho ngapi"? Cha tatu, na hiki ndo kikubwa, alileta Alipay, yaani mnunuzi analipa, hela inashikiliwa katikati, mzigo ukifika na akauridhia ndo muuzaji analipwa. Hofu ya kutapeliwa ikapungua. Wakati huo eBay wenyewe wamehamishia mitambo Marekani, ukurasa unafunguka taratibu kama uko Ngorongoro kwenye kona haina mtandao. Desemba 2006 wakafunga tovuti yao ya China wakaingia ubia na kampuni ya huko. Na Japani walishatoka tangu 2002, Yahoo Japan iliwatangulia kwa miezi tu.

Kwa hiyo mkubwa anashindwa. Anashindwa pale ambapo hajui mtu wa eneo lile ananunuaje.

Na hapa kwetu mmeona. Jumia, soko la mtandaoni, ilizaliwa Lagos mwaka 2012, Aprili 2019 ikaingia soko la hisa la New York, magazeti yakashangilia. Novemba mwaka huohuo ikafunga Tanzania. Miezi saba tu! Wakasema wanaelekeza nguvu kwenye nchi zinazofanya vizuri zaidi. Sawa, ni biashara yao, siwalaumu. Lakini jiulizeni wenyewe, gari la mzigo lilikuwa linampataje mteja wa Ngaramtoni kipindi kile, kabla hata ya ile operesheni ya anwani za makazi ya 2022? "Ukishuka uliza kwa Mangi, nyumba ya geti jeusi, kama geti jekundu umepitiliza." Dereva wa boda anapiga simu mara nne, mteja anasema nipo msibani rudi kesho, kesho anasema bei imekuwa kubwa. Hiyo gharama nani analipa?

Wakati huohuo biashara ya mtandaoni haikufa, iliendelea kwenye stetasi za WhatsApp na kurasa za Instagram. Unaposti gauni, mteja anauliza mwisho ngapi, mnapatana, anatuma kwa M-Pesa, unafunga mzigo unaupeleka kwenye basi, unampigia picha risiti ya basi na namba ya kondakta, jioni anachukua Dodoma. Mfumo mzima huo, na hakuna mhandisi aliyekaa kuubuni. Kasoro yake mnaijua, anayetuma hela kwanza ndo anayebeba hatari, na matapeli wamelijua hilo kuliko sisi. Mi nasema kampuni itakayotuletea ile ya katikati, hela ishikiliwe mpaka mzigo ufike, na ikaweka kwa lugha yetu na bei ya kueleweka, hiyo itachukua hili soko na hakuna wa kuizuia.

Sasa waliokuwa wanauza Jumia siku ile inafungwa, nani aliendelea kuuza kesho yake? Yule mwenye namba za wateja wake. Aliyekuwa anaona tu "oda namba fulani" alianza upya kama mtu aliyetoka kijijini jana. Mteja alikuwa wa nani? Wa Jumia. Jumia ikaondoka naye.

Kuna jambo moja hapa Tanzania lilifanyika likanipa akili ya hili suala lote, na watu hawalisemi sana. Mnakumbuka zamani ukitaka kuhama mtandao wa simu lazima ubadili namba? Watu walikuwa wanavumilia mtandao mbovu kwa sababu namba yao ipo kwenye mabango, kwenye kadi, kwa wateja wote. Machi 2017 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ikaruhusu kuhama mtandao na namba yako ileile. Kabla ya hapo, kuanzia 2014, makampuni yalishaanza kukubaliana utume hela kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, Tanzania tulikuwa wa mwanzo Afrika kwenye hilo. Ikawaje? Wao ndo wakaanza kukubembeleza wewe. Bando hili, ofa ile, salio la kukopa. Ushindani unamsaidia mtu anayeweza kuhama. Asiyeweza kuhama ushindani ni wa kuangalia tu, kama mpira kwenye banda umiza.

Sasa niambieni, nyota zako za Booking unaweza kuhama nazo kwenda Airbnb? Maoni ya wageni mia tatu uliyoyachuma TripAdvisor kwa jasho, unaweza kuyabeba? Wafuasi wako elfu ishirini wa Instagram utawapeleka TikTok kwa lori? Haviendi popote. Ni vyako kwa jina tu, kiuhalisia vimefungwa pale. Hizi kampuni zinashindana kweli, tena kwa nguvu, lakini wewe umefungwa kamba mguuni na kamba yenyewe uliisuka mwenyewe kwa kazi nzuri uliyofanya. Inauma lakini ndo hivyo.

Na zikishajua huhami, bei inabadilika. Bure ya mtandaoni ina muda wake. Ile Taobao iliyokuwa bure ilipokuwa kubwa ilianza kuwauzia wauzaji matangazo, maana bidhaa ni nyingi na usipolipia huonekani. Halafu Alibaba, wenye Taobao, wakaanza kuwaambia wafanyabiashara chagueni moja, ukiuza kwetu usiuze kwa washindani wetu. Aprili 2021 serikali ya China ikawapiga faini ya yuan bilioni 18.2, hiyo ni karibu dola bilioni 2.8. Yule mamba wa mtoni aliyewakomboa wauzaji kutoka kwa papa, miaka kumi na nane baadaye ndo anawafungia geti. Simshangai sana, ukubwa una tabia zake.

Kisa kingine, hiki kina mama mtakielewa haraka. Pempasi. Kulikuwa na kampuni Marekani inauza pempasi mtandaoni, Diapers.com, inafanya vizuri, wazazi wanaipenda. Amazon ikaitolea macho. Ikashusha bei za pempasi mpaka asilimia 30, hasara juu ya hasara, nyaraka zilizotolewa kwenye bunge la Marekani mwaka 2020 zilionyesha walikuwa tayari kupoteza zaidi ya dola milioni 200 kwa mwezi mmoja kwenye pempasi tu. Mwezi mmoja! Wenye Diapers.com wakaishiwa pumzi, wakauza kampuni yao kwa hiyohiyo Amazon mwishoni mwa 2010, kama dola milioni 545. Mwaka 2017 Amazon ikaifunga. Wateja walifurahia bei nafuu ile miezi ya vita, wakafurahi sana. Vita ikiisha nani anakumbuka bei ya vita?

Kwa hiyo ukiona aplikesheni mpya imeingia Arusha na safari ya kutoka Njiro mpaka Clock Tower ni bei ya maji, furahia, panda, ila usiuze gari lako. Madereva hapa wanajua ninachosema. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, iliposhusha kamisheni ya hizi kampuni za teksi hadi asilimia 15, Uber ilisimamisha huduma yake nchini Aprili, ikarudi 2023 baada ya kanuni kulegezwa. Sisemi nani alikuwa na haki. Nasema dereva aliyekuwa na wateja wake wa kudumu, yule mzungu wa Usa River anayempeleka uwanja wa ndege wa KIA kila mwezi, yule mama wa shule asubuhi, huyo alikula wakati wakubwa wanabishana.

Sasa tuje nyumbani kabisa. Watu wa utalii, wa loji, wa mlima, mko wangapi? Basi nyie ndo mpo ndani ya vita hii kuliko wauza viatu, tena wengi hamjui.

Mama, wewe mwenye loji Njiro, samahani nakusumbua. Toa simu, fungua Google, andika jina la loji yako, jina lake kamili kama lilivyo kwenye kibao. Umeandika? Nisomee cha kwanza kabisa kilichotokea juu. Ebu sema kwa sauti na wa nyuma wasikie. Mmesikia? Tangazo. Siyo tovuti yake. Ni kampuni ya kuuza vyumba imelipia jina LAKE, jina alilolichagua yeye na marehemu mumewe, ili mtu anayemtafuta yeye apitie kwao kwanza. Tovuti yake ipo ya tatu, chini. Mwingine ajaribu. Wewe kaka wa mlima? Hivyohivyo, eeh.

Sasa tupige hesabu, na hii siyo ya kuwaonea, ni hesabu tu. Chumba chako dola 80. Kamisheni za hizi kampuni kwa kawaida zinaanzia kama asilimia 15, inategemea na mkataba, na ukitaka kuonekana juu zaidi unaongeza. Dola 12 kwa usiku. Mgeni kalala siku tatu, dola 36. Kama huyo mgeni hakuwahi kukusikia, yupo Uholanzi anatafuta "Arusha" tu, basi dola 36 ni halali yao, wamekuletea mtu ambaye usingempata hata ungepiga kelele juu ya Meru. Lipa kwa moyo mweupe. Lakini kama huyu mgeni dada yake alilala kwako mwaka jana, akamwambia nenda kwa mama fulani pale Njiro chapati zake balaa, na yeye akaandika jina lako Google akabonyeza cha kwanza? Umelipa dola 36 kununua mteja aliyekuwa wako tayari. Mteja alikuwa wa nani, mama? Wako! Umemnunua tena.

Na usidhani ni wewe tu unapigwa. Wahotelia wa Ulaya wamelia miaka. Booking ilianza Enschede, Uholanzi, 1996, kitu kidogo tu, Wamarekani wa Priceline wakaichukua 2005, leo ndo jina lililobeba kundi zima. Mikataba yake ilikuwa na kipengele kwamba huwezi kuuza chumba kwa bei ya chini zaidi mahali pengine, hata kwenye tovuti yako mwenyewe. Fikiria, dukani kwako mwenyewe hupunguzi bei! Ujerumani ikapiga marufuku mwaka 2015, Julai 2024 Hispania ikawatoza faini ya euro milioni 413 kwa mambo ya kuwabana wahotelia na mawakala wengine, na mwaka huohuo Booking ikaviondoa hivyo vipengele kwa nchi za Umoja wa Ulaya kwa sababu sheria mpya ya masoko ya kidijitali iliwabana. Nyie hapa mkataba wenu unasemaje? Nani ameusoma? Mimi nimekaa na watu wa utalii humu mjini miaka mingi nawatengenezea tovuti, na walioniambia wamesoma mkataba wao wote nawahesabu kwa vidole. Sisi tuna Tume ya Ushindani, FCC, na sheria yake ya mwaka 2003, ipo, lakini tume haiwezi kuja kukusomea kipengele ambacho wewe mwenyewe hujakifungua.

TripAdvisor nayo nitaigusa tu. Ilianza mwaka 2000 kama mahali pa kusoma maoni ya wasafiri. 2014 ikainunua Viator, ambayo inauza safari zenyewe. Kwa hiyo aliyekuwa anakuhukumu sasa pia anauza, na kamisheni anachukua. Kampuni za mlima za Moshi zilizoishi kwa nyota za TripAdvisor zinajua mabadiliko hayo yalivyowafikia mfukoni, sina haja ya kuwafundisha.

Wauza nguo na viatu, wa Kilombero, wa Memorial na Kiborloni kule Moshi, msinune, nawafikia. Kwenu ushindani unatoka China moja kwa moja. KiKUU, aplikesheni ya kuagiza vitu vya China, mnaiona kwenye simu za wateja wenu. Temu ilianza Marekani Septemba 2022, mama yake ni Pinduoduo iliyoanzishwa 2015, na ikatikisa mpaka wakubwa wa kule. Kiwanda kinamuuzia mteja wa mwisho, wewe na mwenye duka la Kariakoo wote mmerukwa. Kwa bei hamuwashindi, tusidanganyane. Ila mteja akisubiri kiatu wiki tatu kikaja namba 39 badala ya 41, anakipeleka wapi? Kwako anakuja kujaribu, kinabana, unambadilishia palepale na unamshonea na soli. Kwenye hilo China iko mbali sana. Uzeni hilo, mliseme kwenye kila posti, "unajaribu kwanza", "unabadilisha ndani ya wiki", badala ya kuandika "bei poa" ambayo hata mtoto hawaamini tena.

Sasa tufanye nini? Sitaki muondoke mkidhani nimesema mfute akaunti. Hapana. Wakubwa wakiwa wanapigana ndo wakati wa kuwatumia, kaa kwa wawili au watatu, usikae kwa mmoja. Mnakumbuka tarehe 4 Oktoba 2021? Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika pamoja kama masaa sita hivi, duniani kote, kisa amri moja ya matengenezo iliyokosewa ikaikatia kampuni nzima mawasiliano na intaneti. Walioweka biashara yao yote kwenye hizo tatu, ambazo ni za nyumba moja, walikaa wanaangalia simu. Kuna waliokuwa wameandika namba kwenye daftari wakapiga simu za kawaida, wakatuma meseji za kawaida, wakauza.

Daftari basi. Kila mteja akinunua, jina lake, namba yake, alinunua nini, na mtaa anaokaa. Mgeni akiondoka lojini, omba barua pepe yake akiwa bado ameshika kikombe cha kahawa na anafurahi, siyo ameshafika uwanja wa ndege. Mpe kadi yenye tovuti yako na mwambie mwakani akija moja kwa moja atapata siku ya chakula bure, kama mkataba wako hauzuii, na ndo maana nasema usomeni. Lipa namba iwe ya jina la biashara, siyo ya mdogo wako. Na nywila ya ukurasa wa Instagram asibaki nayo yule kijana uliyemfukuza kazi, maana kesi za hivyo zipo nyingi humu mjini na nyingine mnazijua kuliko mimi.

Ila jamani, hilo daftari lina sheria yake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na tume yake ipo. Namba ya mteja siyo karanga za kugawana. Muombe ridhaa, mwambie utaitumia kwa nini, akisema msinitumie tena futa, na usimuuzie jirani yako orodha. Mkishakuwa na daftari zuri mtashawishika, nawaonya mapema.

Hapo nikaishia, yakaja maswali. Mengi yalikuwa ya kodi nikayasukumia kwa yule kaka mhasibu. Moja niliandike hapa. Kijana wa viatu aliuliza, TikTok ikifungua duka lake hapa Tanzania, ajiunge au aikimbie? Nikamwambia ajiunge siku ya kwanza, maana siku ya kwanza ndo wanakuwa na njaa ya wauzaji na wanakusukuma mbele ya watu bure. Ila aangalie Indonesia. Mwishoni mwa Septemba 2023 serikali ilikataza mauzo ndani ya mitandao ya kijamii, tarehe 4 Oktoba duka la TikTok likafungwa, wauzaji wakabaki na mizigo ndani, mpaka Desemba liliporudi kwa kuungana na Tokopedia ya kulekule. Miezi miwili mtu amekaa na mzigo. Akauliza, na kamisheni yao itakuwaje? Nikamwambia mwanzoni wala hutaiona.

Kikao kijacho tunasoma mikataba. Kila mwenye loji au kampuni ya safari aje na wake umechapishwa, na kalamu nyekundu.